Sentensi Iliyozamia: shajara ya aya, darasa la tano

Alhamisi, 4 Julai 2024

Muhula wa pili umeanza na safari hii naandika kila hatua, maana muhula uliopita nilijaribu mambo mengi na leo sikumbuki lipi lilifaa na lipi lilinimalizia chaki tu. Mradi wenyewe ni mdogo. Kufikia Oktoba, watoto wangu wa darasa la tano waweze kuandika aya moja iliyopangika, na wakiiweza, waandike mbili zinazofuatana. Insha nzima naiacha kwanza. Nimeifundisha miaka sita, na kila mwaka napokea kitu kilekile: ukurasa uliojaa, hauna nukta, umeunganishwa kwa "alafu" toka juu hadi chini.

Sampuli ya leo, kichwa cha habari "Kijiji chetu", naiweka hapa kama ilivyo ili baadaye nisijidanganye:

"Kijiji chetu ni kizuri alafu kina machungwa mengi alafu baba ana baiskeli alafu juzi tulienda Tanga kwa shangazi tukala samaki alafu machungwa yanauzwa alafu kuna mto."

Kila kipande humo ni kweli. Hapa Muheza machungwa yapo, mto upo, na baiskeli ya baba nimeiona. Mtoto ana ya kusema kuliko ninavyoweza kusoma kwa kipindi cha dakika 40.

Kabla ya kengele niliwapa zoezi la aina iliyomo kwenye karatasi za nyuma za mtihani wa darasa la saba, ile sehemu ya utungaji: sentensi nne zimevurugwa, uzipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Wengi walipata, na walipata haraka. Nimerudi nyumbani nalo hilo. Mtoto anayeweza kupanga sentensi nne za mtu mwingine anashindwaje kupanga nne zake mwenyewe?

Jumanne, 9 Julai

Nimefundisha kama nilivyofundishwa mimi. Aya hubeba wazo kuu moja. Ina sentensi kuu, ina sentensi saidizi, na mstari wa kwanza unaingia ndani kidogo, nafasi ya vidole viwili. Wakaitikia vizuri, wakanakili vizuri.

Madaftari 68. Vidole viwili wamevielewa wote, hata yule ambaye jina lake bado analiandika kwa herufi ndogo. Kilichofuata baada ya vidole viwili ni "alafu" zilezile.

Kosa langu jingine: nilitamka kwamba aya "iwe na sentensi kama tano hivi". Walisikia tano tu. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, alipoona hazitoshi, akazikatakata:

"Mama yangu. Anapika. Wali. Na maharage. Mtamu."

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu wa taaluma akauliza kuna nini. Lakini mtoto alifanya hesabu niliyomwagiza. Nimejiandikia kwenye jalada la andalio la somo: idadi ya sentensi isitajwe tena.

Jumatano, 17 Julai

Nilitafuta michoro mtandaoni. Mingi inafananisha aya na hambaga: mkate juu, nyama na mboga katikati, mkate chini. Darasa langu halijawahi kuishika hambaga, na kumfundisha mtoto chakula asichokijua ili aelewe aya asiyoijua ni kumwongezea mzigo.

Nikaona nitumie treni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa Muheza mwaka 1896, na treni watoto wanaijua hata kwa mlio. Nikachora ubaoni: kichwa cha treni ni sentensi kuu, mabehewa ni sentensi saidizi, na kila behewa limefungwa kwa jingine. Nilijiona nimepatia.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, behewa la nyuma likiwekwa mbele, si treni inakwenda tu?"

Inakwenda, ndiyo. Mabehewa ya mizigo unayapanga utakavyo. Sentensi hazikubali hivyo, na mchoro wangu haukuwa na mahali pa kulionyesha hilo. Nikafuta ubao. Nimemwambia swali lake ni zuri, na nililisema kwa dhati ingawa nilikuwa nimeona haya.

Alhamisi, 25 Julai

Leo kimetokea kitu.

Jana usiku niliandika aya moja ya sentensi saba kwenye karatasi ya manila, nikaikata vipande, sentensi moja kwa kila kipande. Habari ilikuwa ya kuchuma machungwa. Kimojawapo kati ya vile vipande kilisema: "Shangazi yangu anaishi Korogwe." Nikawagawa makundi, kila kundi na seti yake, nikawaambia wapange. Sikuwaambia kwamba kuna kipande kisichohusika.

Walihangaika na shangazi. Kundi moja lilimweka mwanzoni, jingine mwishoni, jingine likamkunja likamficha chini ya daftari. Nilipouliza kwa nini wamemficha, mmoja akasema, "Mwalimu, huyu hajaalikwa. Amezamia."

Darasa zima likacheka, maana hapa kila mtoto anajua mzamiaji ni nani. Ni yule anayeonekana kwenye harusi, ameketi na sahani imejaa, na ukiuliza ni wa upande wa bwana au wa bibi hakuna anayemjua. Nikalinyakua neno palepale. Kila aya ni shughuli ya mtu mmoja. Sentensi inayoingia lazima iweze kujibu: wewe ni wa nani humu?

Kisha nikawarudisha kwenye ile "Kijiji chetu" ya tarehe 4, kila mtu na daftari lake. Tafuteni wazamiaji wenu. Kelele zilikuwa nyingi hadi jirani yangu wa darasa la sita akachungulia dirishani. Baiskeli ya baba ikatolewa nje. Samaki wa Tanga wakatolewa nje. Binti yule wa swali la behewa akabaki na sentensi mbili tu, akaniangalia kwa huzuni: "Mwalimu, wote walikuwa wamezamia."

Nadhani jibu la swali la tarehe 4 ndilo hili. Kwenye zoezi la mtihani kuna mtu aliyekwisha kuamua habari ni ya nini na akatupa yasiyohusika. Mtoto anapokea sentensi nne safi. Kazi ile ngumu, ya kuchagua na kuacha, haijawahi kumfikia. Mimi nimekuwa nikifundisha kupanga, wakati wao wamekwama kwenye kuacha.

Jumatano, 7 Agosti

Kesho ni Nane Nane, kwa hiyo wiki ni fupi. Nimeitumia kusahihisha.

Nimebadili namna ya kusahihisha pia. Zamani nilizungushia kila kosa, na daftari likirudi lilionekana kama kuku amechinjiwa juu yake. Mtoto hasomi damu ile. Anatafuta alama, anafunga. Sasa nasahihisha kitu kimoja kwa wiki. Wiki hii ni wazamiaji tu: napiga mstari chini ya sentensi ninayoishuku, naandika "wa nani?" pembeni, basi. "Alafu" bila h nimeiacha ipite. Imeniuma, lakini imepita.

Mzazi mmoja amekuja shuleni na daftari mkononi. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, huyu muhula uliopita alikuwa anajaza ukurasa. Sasa mistari mitano. Amerudi nyuma?" Nikamwomba tusome pamoja, kwanza ule ukurasa, halafu ile mistari mitano. Alisoma ukurasa akafika katikati akasimama. Alisoma mistari mitano akamaliza. Hakusema kwamba nimeshinda, ila alilikunja daftari kwa adabu akauliza kama mwanawe anaelewana na wenzake.

Mwalimu wa taaluma naye ana shaka yake, na si ya kupuuzwa. Mtihani mwingi ni wa kuchagua jibu, silabasi ni ndefu, na mimi nina mwezi mzima kwenye aya moja. Nimemjibu kwamba anayejua kumtoa mzamiaji atajua pia kupanga A, B, C, D. Kwa sasa hilo ni dai tu, nami sina ushahidi wake.

Alhamisi, 15 Agosti

Tatizo jipya, limezaliwa na mafanikio. Aya sasa ni safi, hazina wazamiaji, na zimekauka. "Machungwa ni matamu. Machungwa ni mazuri. Machungwa yana vitamini. Machungwa yanauzwa." Hakuna aliyezamia, lakini shughuli yenyewe haina mazungumzo. Wageni wamekaa tu wanatazamana.

Nimegundua watoto wanamwandikia mtu anayejua tayari, yaani mimi. Nimezaliwa hapa, machungwa nayajua, kwa nini wanieleze? Nahitaji msomaji asiyejua. Dada yangu anafundisha Makete, kule juu kwenye baridi, kwenye viazi mviringo na matufaha. Nimempigia. Amekubali: nitampigia picha madaftari, ayasome mbele ya darasa lake, na watoto wake watume maswali kwa ujumbe wa sauti.

Jumanne, 27 Agosti

Nimechagua aya moja ya kuanzia, ya mtoto wa mkulima, kwa sababu sentensi yake ya kwanza ilinishtua nilipoisoma:

"Chungwa la kwetu huiva likiwa kijani. Wanunuzi hupenda kubwa. Tunachuma asubuhi."

Ujumbe wa sauti umerudi kutoka Makete, na nimeuchezesha darasani simu ikiwa imebandikwa kwenye ndoo tupu ili sauti ikue. Kasauti kamoja, baada ya shikamoo kwa mwalimu: "Kama ni la kijani, mnajuaje limeiva?"

Ukimya. Halafu mikono kama thelathini hewani. Hakuna aliyewahi kuwauliza jambo hilo, na kila mmoja alikuwa na jibu. Ganda linakuwa laini na kung'aa. Linakuwa zito mkononi. Babu huonja moja kabla hajaruhusu mti kuguswa. Nikaongeza langu kidogo, kwamba ganda la chungwa hugeuka rangi vizuri pale usiku unapokuwa na baridi, na huku kwetu usiku ni wa joto, ndiyo maana ndani limeiva na nje bado kijani. Lakini sehemu kubwa waliijaza wao. Yule mtoto akaandika upya:

"Chungwa la kwetu huiva likiwa kijani. Mgeni akiliona atadhani ni bichi. Sisi tunalijua kwa ganda, kwa sababu likiiva ganda hung'aa na kuwa laini. Pia tunalipima kwa mkono, maana lililoiva ni zito. Kama bado tuna shaka, babu anaonja moja. Akitikisa kichwa tunarudi nyumbani."

Hiyo "akitikisa kichwa tunarudi nyumbani" sikumfundisha mimi. Nimeisoma mara tatu.

Kanuni yetu mpya imeandikwa ubaoni pembeni, mahali pasipofutwa: sentensi ya kwanza humfanya msomaji aulize, zinazofuata humjibu, na swali likiisha, aya imekwisha. Urefu hatuupangi tena. Swali kubwa lina aya ndefu, swali dogo lina fupi. Yule wa "Mama yangu. Anapika. Wali." aliuliza, "Na kama swali ni moja dogo sana?" Basi andika sentensi tatu ukacheze, nikamwambia. Alifurahi mno, na aliandika saba.

Jumanne, 10 Septemba

Kesho na keshokutwa darasa la saba wanafanya mtihani, kwa hiyo wetu wanabaki nyumbani. Leo tulihamisha madawati, na kipindi kimoja nilichobakiwa nacho nikakitumia kwa viunganishi.

Wiki iliyopita niliharibu. Nilitundika bango la viunganishi: hata hivyo, aidha, kwa hiyo, licha ya, hatimaye. Nikapiga marufuku "halafu". Wakayanyunyiza kama chumvi. "Mama alipika wali. Hata hivyo tulikula." Kumbe mama huyu wali wake una walakini! "Nilinawa mikono. Aidha nikalala." Nililiondoa bango siku ya pili.

Leo nilianza upande mwingine. Sentensi mbili ubaoni bila kiunganishi: "Chungwa lililoanguka halinunuliwi. Tunachuma kwa upembo polepole." Nikauliza: hii ya pili ni mtoto wa ile ya kwanza, ni jirani yake, au ni mgomvi wake? Mtoto, wakasema, kwa sababu imezaliwa na ile. Basi mtoto huitwaje? "Kwa hiyo". Mgomvi anaitwa "lakini" au "hata hivyo". Jirani anaitwa "pia" au "vilevile". Na "halafu" nimeirudisha nchini kwa heshima zote, ina kazi yake ya kupanga wakati, na haina kosa lolote isipokuwa kutumwa kila mahali.

Alhamisi, 26 Septemba

Tumegusa masimulizi, na hapa nilikuwa karibu kuwapoteza.

Walipoandika kisa cha "Siku nilipopotea sokoni", waliokuwa bora walifanya kama nilivyowazoesha: sentensi kuu mwanzoni. "Siku hiyo nilipotea sokoni na mama akanipata kwa muuza nyanya." Kisa kimeisha kabla hakijaanza. Bibi zetu wanaosema paukwa, nasi tukaitika pakawa, hawaanzi kwa kutueleza kwamba sungura atashinda.

Nimewaambia wazi kwamba kanuni yetu ni ya aya za maelezo, na kwamba kisa kina desturi nyingine. Kwenye kisa, unafungua aya mpya kitu kikihama: wakati umehama, mahali pamehama, au mtu mwingine ameshika usemi. Tukaigiza. Msimulizi anasimama mbele, na kila kisa kinapohama anasogea hatua moja pembeni, na wenye madaftari wanaruka mstari. Waliokuwa wakisogea ovyo waliambiwa na wenzao, "Rudi, hujahama bado." Kipindi kiliisha hatujaandika hata nusu, na sikujali.

Kuna jambo moja la kuniaibisha, naliandika ili liwepo. Nilikuwa nimeandika tangazo la kikao cha wazazi ubaoni ili wanakili wapeleke nyumbani. Sentensi nne. Ya tatu ilisema kuhusu usafi wa sare. Kijana wa nyuma, bila hata kunyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo ya sare ni ya nani humu?" Nimeifuta. Sare nitaitangaza mstarini Jumatatu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimepitia madaftari yote kwa mara moja, tangu sampuli ya Julai. Wengi wanaandika aya moja inayosimama, na karibu nusu wanaandika mbili zinazofuatana. Herufi kubwa na nukta bado ni vita, lakini nukta zimeongezeka pasipo kufundishwa sana, nadhani kwa sababu ukijua wazo lako linaishia wapi unajua pia pa kuweka nukta. Insha kamili ya aya nne hatujaifikia na mwaka huu hatutaifikia. Mwalimu wa taaluma nimemwambia hivyo bila kumung'unya, naye ameandika kwenye kitabu chake.

Makete wametuletea aya zao kuhusu matufaha na umande unaoganda alfajiri juu ya majani. Wangu wamewakagua bila huruma. Wazamiaji wanne wamekamatwa, na mmoja wao, dada amekiri kwa kicheko, alikuwa ameongezwa na yeye mwenyewe alipokuwa anasahihisha.

Wamebaki kumi na mmoja. Madaftari yao ya Oktoba hayatofautiani na ya Julai. Nimekaa nao mchana huu chini ya mwembe, na kwa saba kati yao shida nimeiona: kusoma kwenyewe bado kunawalemea. Ukiwa unapigana na kila silabi huwezi kukumbuka sentensi yako ya kwanza ilisema nini. Zile kadi za manila nilikuwa nawapa vitu wasivyoweza kuvisoma, nao wakawa wanafuata mikono ya wenzao.

Mmoja wao, binti mkimya, nilimwambia aache kalamu aniambie tu jinsi anavyochuma. Nikaweka simu irekodi. Alieleza upembo unavyochongwa, akanyamaza, akavuta pumzi. Kisha akaeleza kupanda, na kwa nini mwenye mti hapendi tawi livunjwe. Akanyamaza tena. Kisha tenga linavyopangwa, makubwa chini. Nimeisikiliza rekodi hiyo jioni hii nikiwa na penseli, nikaruka mstari kila aliponyamaza. Zimetoka aya tatu, na sijapata hata mzamiaji mmoja.

Jumanne nitamrekodi tena, naye jirani yake wa dawati ataandika anachosikia. Manila imeisha. Niombe ofisini kesho, na kama hakuna, nitakata maboksi ya chaki.